Nilijihami na mtungi wa gesi, hatari ikaja na jiko la mkaa: camping yetu na mama mkwe huko Kanazi

Wakuu, habari za majukumu. Wewe uliyefungua huu uzi, weka kikombe chako pembeni unisikilize kidogo. Nina jambo nataka nikueleze taratibu, na sitaongeza chumvi. Chumvi yenyewe siku ile haikufika hata kwenye maharage.

Nianze na mwisho ili usisome ukiwa na wasiwasi: mama mkwe wangu ni mzima. Juzi amenipigia simu kuuliza kama dirisha lake nimeshalipaka rangi. Kwa hiyo soma ukiwa umetulia. Mimi mwenyewe ndiyo kwanza nimetulia, ndiyo maana nimeweza kuandika.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, nipo Nyakanazi. Kwetu kabisa ni Nyamigogo, hukuhuku Biharamulo, ila riziki imeniweka njia panda. Mke wangu, Mama Editha, ni Mhangaza wa Kanazi, wilaya ya Ngara. Tuna mabinti wawili, Editha na mdogo wake Adela.

Kwa wasiopajua Nyakanazi, hapa malori yanapumzika. Na dereva wa masafa marefu hategemei mgahawa kila siku. Ubavuni mwa tela ana sanduku la chuma. Akilifungua, kifuniko kinageuka meza, ndani kuna jiko, mchele, mafuta, nyanya mbili tatu na sufuria zake. Muda si mrefu mtu anakula wali wa moto kwenye kivuli cha lori lake.

Hayo masanduku nimeyakarabati miaka mingi. Bawaba ikikatika, analeta kwangu. Kutu ikila kona, analeta kwangu. Na kila nikimaliza moja nilikuwa najiuliza, hivi mimi kwa nini sina la kwangu?

Likizo ya Desemba, mabinti wakaona kwenye simu watu wanafanya camping. Hema, moto, milima. Wakaanza kunisumbua. Nikasema sawa, jiko nitalitengeneza mwenyewe.

Hapa naomba nieleze vizuri kwa sababu najua kuna mafundi humu watataka kujaribu.

Nilichukua tranka langu la shule, lile la bweni, la bati gumu. Nikaliwekea miguu minne ya square pipe inayokunjwa. Kifuniko kikifunguliwa kinasimama wima na kukinga upepo. Ubavu wa kulia nikaukata, nikautia bawaba, ukishushwa unakuwa meza ya kukatia kitunguu. Ndani nikaweka jiko la gesi la plate mbili, na chini yake kadroo ka visu, vijiko na kiberiti. Mtungi mdogo unakaa chini, nje ya tranka, umeunganishwa kwa mpira.

Likikunjwa, mtu mmoja analibeba. Nilikuwa na furaha nalo kama mtoto. Niliweka hata kishikizo cha kutundikia upawa.

Sasa gesi. Wakuu, mimi gesi naiogopa kwa sababu za kazi. Nimeona mtungi wa kuchomelea ukileta balaa kwenye karakana ya mwenzangu. Kwa hiyo kabla hatujaondoka niliiketisha familia nikatoa somo. Mtungi ukae hatua ishirini kutoka kwenye hema. Valvu ifungwe kila ukimaliza. Ukisikia harufu usiwashe kitu. Mpira nikaupaka maji ya sabuni mbele yao waone kama unavuja na kutoa mapovu. Adela alisinzia, nikamwamsha, nikarudia.

Somo zima lilikuwa la gesi. Mkaa sikuutaja hata mara moja.

Kumbuka hilo, nitalirudia.

Mahali pa kwenda palikuwa rahisi kuchagua. Marehemu baba mkwe aliacha shamba juu ya kilima kule Kanazi. Ukisimama pale unaona mabonde yamepangana mpaka upande wa Burundi. Kuna njia ya gari mpaka juu, walikuwa wakipitishia mazao. Upepo mzuri, majirani wako mbali kidogo, na shemeji yangu Deo, mdogo wake mke wangu, anakaa chini ya kilima.

Tulipofika nyumbani kwa mama mkwe kumsalimu na kumwambia tunapanda kulala juu, alicheka mpaka akashika mlango.

"Kulala kwenye turubai na nyumba ipo?" akamuuliza binti yake. "Sisi watu wa Ngara turubai tunazijua. Waliolala humo hawakuja kutembea."

Wenyeji wa huko mnaelewa, alikuwa anakumbuka kambi za wakimbizi.

Lakini wajukuu walimbembeleza, na mwisho akasema atakuja, ila kwa sharti moja. Chakula hakiwezi kupikwa na "hicho kitoto cha bomu." Alikuwa anautazama mtungi wangu.

Tukakubaliana hivi, na nadhani nyumba nyingi zina mkataba kama huu: gesi ni ya chai na mayai, maharage ni ya mkaa. Akachukua jiko lake la mkaa, lile la bati lenye udongo ndani, akachukua nusu gunia la mkaa na sufuria yake ya maharage. Sufuria akaifunga kwenye kanga.

Hapo lazima niwaeleze jambo la adabu ya kwetu, maana bila hilo hamtaelewa nilichofanya baadaye, wala nilichochelewa kufanya.

Kwa malezi niliyolelewa, na kwao mke wangu ni hivyohivyo, mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa umbali. Simshiki mkono ovyo. Sikai naye kiti kimoja. Na mahali anapolala siingii, hata kama mlango uko wazi na nimetumwa kitu. Nikimhitaji nakohoa nje, anatoka.

Hata kwenye pikapu yangu siku ile viti vilijipanga vyenyewe: mimi kwenye usukani, Mama Editha katikati kama ukuta, mama mkwe dirishani. Mabinti nyuma na mizigo. Miaka kumi na minne ya ndoa, hatujawahi kukaa vingine.

Tukafika juu saa nne asubuhi. Hema nililoazima lilikuwa kubwa, la watu sita, na zipu mbili. Nililifunga vizuri kwa kamba na vigingi. Lingelala wanawake, yaani mama mkwe, mke wangu na mabinti. Mimi ningelala kwenye pikapu.

Hatua ishirini kutoka hapo nikaweka jiko langu la tranka. Nikalijengea paa la turubai dogo kwa fito nne. Paa lilitosha tranka, mtungi na mpishi mmoja. Chai ya kwanza ilichemka ndani ya dakika chache, upepo ukivuma na moto ukitulia tuli. Mama mkwe alikunywa kikombe kizima, akasema chai ina harufu ya dukani. Kwake yeye hiyo ni sifa.

Kisha akawasha jiko lake la mkaa kwenye nyasi, kati ya hema na tranka, akabandika maharage. Hakuwa na paa. Mimi fundi mzima nilijenga paa la gesi, maharage nikayaacha wazi. Mbingu ilikuwa safi, sikuona shida.

Saa nane hivi Mama Editha na mabinti wakateremka kwa shemeji Deo kuchukua ndizi na maziwa. Tukabaki wawili kilimani. Mimi nikajishughulisha na tranka, naipaka grisi miguu isiyohitaji grisi, ili niwe na kazi. Mama akawa anachochea maharage yake na kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Tulikuwa tunaongea kupitia mbuzi. Yaani kulikuwa na mbuzi wa jirani wanakula nyasi karibu, basi yeye akitaka kuniambia kitu anawaambia mbuzi.

"Nyie mbuzi, mwenye tranka angejua kuleta kigoda ningekaa."

Nikamletea ndoo, nikaigeuza, nikaiweka chini, nikaondoka. Akakaa.

Mvua ilitokea upande wa Burundi. Ngara mvua haikupigii simu. Tuliona bonde la mbali limefutika, kisha la pili, na kabla sijafunga droo ya visu matone yakaanza, makubwa, na mengine yalikuwa mawe.

Mimi nilikimbilia paa langu nikashika fito, maana upepo ulitaka kuondoka na turubai. Mama akashika jiko lake.

Nilimwona, wakuu. Hilo ndilo linaloniuma. Nilimwona kwa macho yangu anabeba sufuria kwanza, anaiingiza kwenye hema. Kisha anarudi, anashika jiko la mkaa kwa kanga iliyokunjwa, anaingiza nalo. Mkaa ulikuwa umeshika wote, mwekundu, hauna moshi hata kidogo. Nikajisemea, afadhali, maharage yamepona.

Kwa sababu kuna imani kule, na labda kwenu pia ipo: maharage yakishaanza kuchemka moto haukatishwi. Ukikatisha yanakuwa magumu, hata uyapike mpaka kesho. Mama asingeacha moto ukatike kwa sababu ya mvua. Na baridi ilikuwa imeshuka ghafla, ile baridi ya Ngara inayoingia kwenye mifupa. Akafunga zipu.

Nikamsikia anaendelea na wimbo wake. Kisha mvua ikapiga sana, sikusikia kitu.

Ningeweza kumwambia aingie kwenye pikapu? Ningeweza. Lakini mimi na yeye peke yetu, bega kwa bega, kwenye pikapu, vioo vimefungwa? Hata yeye asingekubali.

Mvua ilinyesha kama dakika arobaini. Mimi chini ya paa langu, mgongo umelowa, naulinda mtungi wa gesi usianguke. Naomba uipige picha hiyo akilini: mwanamume mzima anaukumbatia mtungi uliofungwa valvu, usio na hatari yoyote wakati ule, na hatari yenyewe iko hatua ishirini mbele yake imefungiwa zipu.

Ikakatika kama ilivyokuja. Nikakung'uta maji, nikakohoa.

Kimya.

Nikasema kwa sauti, "Mama, mvua imekatika."

Kimya.

Nikafikiri amelala. Na kama amelala ndiyo kabisa sina ruhusa. Nikakohoa tena. Nikachukua mfuniko wa sufuria ya chai nikaugonga na upawa wa kwenye tranka. Nikazunguka hema kwa mbali, nikiongea na wale mbuzi kwa sauti, kwamba mbona leo wamelowa, ili kama yuko macho anisikie.

Nilipoteza kama dakika kumi hivi nikiwa na adabu.

Kilichonishtua ni harufu. Maharage yalikuwa yanaungua.

Wakuu, huyu mama simjui kwa mengi, lakini hili nalijua: hajawahi kuunguza maharage. Katika misiba, katika harusi, kwenye sufuria za watu mia, mke wangu huwa anasema mama anasikia maji yakipungua akiwa chumba cha pili. Sasa maharage yanaungua, na yeye yuko hatua moja kutoka kwenye sufuria, na hasemi kitu.

Nikampigia mke wangu. Nilimweleza kwa kifupi kwamba mama haitiki, yuko ndani, amefunga, na maharage yanaungua. Nikamwambia pia, samahani wakuu, nikamwambia kwamba labda amelala na sijui amejifunikaje.

Hakupandisha sauti. Alisema, "Baba Editha, ingia."

Nikafungua zipu.

Hewa ya moto ilinipiga usoni. Hakuna moshi. Hakuna harufu isipokuwa ya maharage. Mama alikuwa amelala ubavu karibu na jiko, kilemba kimemtoka, mkono mmoja umeshika upawa wake. Alionekana kama mtu aliyejipumzisha tu. Nikamwita, nikamtikisa bega. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kumshika. Kichwa kikaenda upande bila yeye.

Sikujua ni kitu gani kimempata, lakini kichwa changu mwenyewe kilianza kugonga na magoti kulegea, na nilikuwa nimeingia sasa hivi tu. Hapo nikaelewa kwamba tatizo ni hewa. Nikatoka, nikavuta pumzi ndefu, nikaibana, nikarudi. Nikashika mkeka aliolalia kwa pembe mbili, nikavuta. Kwenye mlango mkeka ulikwama, basi nikamnyanyua mikononi kama unavyomnyanyua mtoto, nikamtoa mpaka upande wa juu ambako upepo ulikuwa unapita. Nikamlaza ubavu kwenye nyasi zilizolowa. Nikamfunika koti langu.

Alikuwa anapumua. Kidogo, kwa kukoroma, lakini anapumua.

Nilimsemesha muda wote. Sikumbuki nilisema nini. Nadhani nilikuwa namwomba msamaha kwa kumshika.

Baada ya muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana, akakohoa, akatapika, akafungua macho. Akanitazama. Akavuta kanga yake kufunika kichwa. Nilipoona mkono wake unatafuta kanga, nikakaa chini kwenye matope. Mtu anayekumbuka kujifunika mbele ya mkwe wake bado yupo.

Mama Editha na shemeji Deo wakafika wanahema, wamepanda kilima kwa kukimbia. Mabinti waliachwa kwa mke wa Deo. Tukamwingiza mama kwenye pikapu, vioo vyote chini, Deo nyuma. Safari hii hakuna aliyepanga viti. Mama alilala mapajani kwa binti yake, na kichwa chake kiliegemea kiwiko changu kila nilipobadili gia. Njia ilikuwa inateleza, niliteremka kile kilima kwa gia ya kwanza nikimwomba Mungu na breki kwa pamoja.

Kituo cha afya walimpokea haraka, wakamweka kwenye oksijeni. Jioni hiyohiyo alikuwa anaongea, analalamika kichwa kinauma. Wakasema abaki mpaka asubuhi waone hali yake. Mimi na Deo tukakaa kwenye benchi nje. Deo alinishika goti akasema, "Shemeji, ungekuwa mtu wa aibu zaidi kidogo tu, leo tungekuwa tunatafuta maturubai ya aina nyingine." Alikuwa anatania, ila sauti haikukaa sawa.

Samahani, nilikatizwa hapa na dereva mwenye bawaba yake. Nimerudi.

Tabibu aliyemhudumia, mama mmoja mtulivu, alitueleza kwa subira, na mimi nakueleza kama nilivyomwelewa.

Mkaa ukiwaka unatoa hewa ya sumu. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo. Ndiyo maana ni mbaya kuliko moshi wa kuni. Moshi wa kuni unakufukuza, unatoka mwenyewe huku unalia. Hii haimfukuzi mtu. Ukiivuta inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Unasikia kichwa kizito, kichefuchefu, miguu inalegea, usingizi unakuja mtamu. Unasema ngoja nijilaze kidogo. Na ukijilaza ndiyo basi.

Mke wangu akauliza swali ambalo najua na wewe unalo. Mbona nyumbani mama anaingiza jiko la mkaa chumbani kila msimu wa baridi, miaka yote, na hajapata kitu? Mbona mzazi mwenye kichanga anawekewa jiko la mkaa chumbani?

Tabibu akasema nyumba nyingi za huko zina nafasi kati ya ukuta na bati, hewa inapita juu bila mwenye nyumba kujua. Hiyo nafasi ndiyo imekuwa ikiwaokoa, na hata hapo ni bahati, siyo usalama. Wapo waliolala nalo wasiamke. Sasa hema halina hiyo nafasi. Na kitambaa kikilowa mvua kinabana zaidi. Ukivuta zipu umejifungia kwenye mfuko.

Yaani kilichofanyika ni hiki: tulichukua kitu tulichokizoea nyumbani, tukakihamishia mahali ambapo mazoea yetu hayafai. Na mimi niliyekuwa na kipaji cha kueleza, niliyetoa somo la mpira na sabuni, nilieleza hatari ninayoijua mimi. Hatari ya mama sikuiuliza.

Asubuhi tukaruhusiwa kuingia. Mke wangu aliingia, Deo akaingia. Mimi nikabaki mlangoni kama kawaida yangu. Usiku kucha nilikuwa nimeshaamua kwamba nitapeleka mbuzi na pombe ya ndizi kuomba radhi mbele ya wazee, maana nilimwona bila kilemba na nilimbeba mikononi. Nikakohoa.

Kutoka kitandani akauliza, "Ni nani anakohoa? Ni yule wa jana?"

Mke wangu akasema ndiyo.

"Mwambieni aingie. Angeendelea kukohoa nje jana angekohoa mpaka msibani kwangu."

Nikaingia. Nikasema shikamoo mama. Akaitika marahaba. Nikaanza kusema habari za mbuzi na wazee, akanikatiza.

"Baba Editha, adabu nimeiona miaka kumi na minne. Imetosha. Ukiniona nimelala na sijibu, vunja mlango." Akajiweka sawa kwenye mto. "Halafu maharage yaliungua?"

Nikamwambia yaliungua, mama, yote.

Akageukia ukuta. Nadhani hilo lilimuuma kuliko kichwa.

Mbuzi nilimpeleka hata hivyo. Alimla na majirani, akawasimulia yeye mwenyewe, na kila akisimulia mimi nakuwa mwoga zaidi na hema linakuwa dogo zaidi.

Nyakanazi nilirudi nikalitazama tranka langu kwa siku mbili bila kuligusa. Lilikuwa zuri, lakini lilikuwa na kosa, na kosa halikuwa kwenye gesi. Jiko la safari siyo plate mbili na mahali pa kutundika upawa tu. Ni lazima lijibu swali moja: mvua ikija wakati chakula kiko nusu, mpishi ataenda wapi? Langu lilikuwa limempa mpishi wa gesi jibu. Mpishi wa maharage hakupewa jibu, akajitafutia mwenyewe.

Basi nikaongeza. Nguzo nne za bomba zinazoingia moja ndani ya nyingine, turubai kubwa la kutosha tranka, jiko la mkaa, mpishi na mtu wa kumpigia soga. Pande zote ziko wazi, upepo unapita. Jiko la mkaa nikalitengenezea kistuli cha chuma kinachofika magotini, ili maji ya mvua yapite chini lisizimike. Moto haukatiki, maharage hayawi magumu, hakuna sababu ya kuingia popote. Na ndani ya kifuniko, pale anapoangalia kila anayepika, nikaandika kwa rangi nyekundu: MOTO HAUINGII KWENYE HEMA.

Mama aliposikia nimelirekebisha, alisema anataka turudi. Alituambia tulimpandisha kilimani kulala kwenye turubai na mpaka leo hajalala.

Tukarudi wiki ya kwanza ya Januari. Na mvua haikutuangusha, ilikuja alasiri ileile kutoka upande uleule. Wajukuu waliingia kwenye hema. Mama hakuingia. Alikaa chini ya turubai kubwa, amejifunga blanketi, mbele ya maharage yake. Mimi nilikaa ng'ambo ya sufuria, kwenye ndoo. Hatukuwa na mbuzi wa kupitishia maneno.

Akanionjesha kwenye upawa. Nikasema bado kidogo. Akasema mkwe asiyejua kuingia ndani atajuaje maharage yaliyoiva. Tukacheka wote wawili, mvua inapiga, na maharage yakaiva, na chumvi ikatiwa.

Akataka pia nimtengenezee dirisha la jikoni kwake nyumbani, upande wa juu karibu na bati. Ndilo hilo dirisha la rangi. Nimelipaka leo hapa karakanani.

Wakuu, nilichojifunza ni kwamba kabla hujamfundisha mtu hatari yako, muulize yeye huwa anafanyaje. Ningemuuliza mama mkwe asubuhi ile, "Mvua ikinyesha unafanya nini na jiko lako?" angenijibu bila kuficha, na tungemaliza pale pale.

Na ukimkuta mtu amezidiwa hivyo, mtoe nje kwanza, adabu itafuata. Bana pumzi, mvute, mlaze ubavu kwenye upepo, kisha mkimbize hospitali hata kama ameamka na anakwambia yuko sawa.

Kama yamewahi kukukuta au unajua nyumba ambako jiko la mkaa linaingia chumbani, andika hapa chini, wengine wasome. Mafundi mnaotaka vipimo vya tranka ulizeni tu, nitawajibu mmoja mmoja.

Na leo, mvua ikikukuta unapika nje: funika sufuria, acha jiko palepale lilipo, na uingie ndani mikono mitupu.